Muthoni Kihara ni Mimi

Jamhuri, Nairobi
18 Januari 2025

Kwa ndugu yangu Mbuthia,

Nakusalimu wewe na wifi Veronicah. Nawasalimu na ng'ombe pia, maana nisipowataja utasema sijakusalimu. Sisi huku ni wazima. Mwanangu Ndegwa anaenda kazini benki asubuhi na kurudi jioni na sura ya mtu aliyekaa benki. Mkewe Rachael bado yuko kwenye ile ofisi ya bima mjini. Mimi nimepewa chumba chenye dirisha zuri na kitanda chenye mito mitano. Mmoja naulalia. Ile minne naihamishia kitini usiku na kuirudisha asubuhi, kama mtu anayefungia kondoo.

Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako havipatani tena tangu mashine ya kupasua mbao iyaharibu. Barua nampa dereva wa gari la Njabini, aiache dukani kwa wifi. Na naandika Kiswahili kama Baba alivyotuzoesha, maana alisema Kikuyu ni cha kuongea na Kiswahili ni cha barua na polisi.

Kabla sijasahau, lile waridi nililopanda kaburini kwa mume wangu Kihara limeshika? Udongo ulikuwa mkavu siku ile na nilikuwa na haraka.

Sasa nikwambie jambo la huku. Unajua binti ya Ndegwa ana jina langu, Muthoni Kihara, lote zima kama lilivyo. Ndegwa humwita "Mama", kwa hiyo akiingia na kuita "Mama!" tunaitika wawili. Wajina wangu sasa ana miaka kumi na mmoja na yuko Gredi ya Tano huko Muthangari. Mwalimu aliwaita wazazi akawaambia kwamba katika Hisabati mtoto yuko Chini ya Matarajio. Siku hizi hakuna anayeanguka mtihani, Mbuthia. Watu wako chini ya matarajio tu. Lakini Rachael alilia ndani ya gari vilevile, kana kwamba mtoto ameanguka.

Wameamua hivi: asipopanda kufikia mwezi wa nane, atapelekwa shule ya bweni Naivasha. Mimi sikusema neno. Nyumba ni yao na mtoto ni wao. Lakini mchana kutwa hapa naongea na jokofu, na saa kumi wajina akitoka shuleni ndipo naongea na mtu.

Jirani yetu, Mama Quincy, anayeniita nyanya kama watoto, aliniuliza ngazini, "Shosho, wenu ana ticha wangapi?"

Nikamwambia, "Wale wa shule."

"Hao ni wa kila mtu!" akasema, kana kwamba nimemwambia tunakunywa maji ya mtaro. Quincy wake ana walimu wanne wanaokuja nyumbani. Mmoja ni wa Hisabati, mmoja wa Kiingereza, mmoja wa kompyuta, na wa nne humfundisha kupumzika. Siku ya kupumzika mtoto hutoka shuleni mbio, asije akachelewa.

Basi Rachael amemwandikisha wajina kwa kampuni moja mjini inayoitwa Akili Pekee. Hawafundishi watoto kwa pamoja. Kwanza wanampigia mtoto simu wamjue alivyo, kisha wanamshonea masomo yake peke yake, kama fundi anavyopima suti. Namba waliyopewa ni yangu, kwa kuwa mtoto hana simu. Watapiga Jumamosi.

Wasalimie wote. Niandikie kuhusu waridi.

Dada yako,
Muthoni

* * *

Njabini
9 Februari 2025

Dada yangu, mwana wa mama,

Barua yako ilifika ikiwa imekaliwa na abiria, lakini ilisomeka. Ng'ombe wamepokea salamu. Yule mwenye pembe moja ana mimba ya karibu miezi sita, na Veronicah ameumwa meno lakini sasa anaweza kunigombeza tena. Viazi vimekubali. Baridi ya mwezi huu ni ya kuvalia blanketi shambani.

Nimewaza juu ya hayo masomo ya mtu mmoja mmoja. Sisi tulikuwa darasa zima kwa mwalimu mmoja, lakini usiseme hatukuwa na huduma ya binafsi. Kiboko kilimfikia kila mtu na chake, kwa kipimo chake, na mwalimu alijua kabisa nani hulia mapema na nani huvumilia. Hiyo nayo ilikuwa suti.

Huyo mwalimu wa kupumzika, naomba umwulize kama anakuja huku. Nina jirani ambaye amefuzu somo hilo tangu ujana na angependa kufundisha.

Mwambie dada yangu mdogo, huyo wajina wako, kwamba mimi pia nilikuwa chini ya matarajio, na matarajio yenyewe yalikuwa chini.

Je, unakula? Uliondoka hapa na gauni linakuning'inia. Usinijibu kwa salamu. Nijibu kama unakula.

Ndugu yako,
Mbuthia

* * *

Jamhuri
2 Machi 2025

Mbuthia ndugu yangu,

Shikamoo ya mbali kwako na pole kwa meno ya wifi. Nimefurahi kwa habari ya viazi. Ndegwa alipata mafua, yakampata Rachael, sasa yametulia. Juzi nilipita Ngara kuona kibanda cha ushonaji cha Kihara. Sasa kinauza vioo vya simu. Msichana aliyemo ameacha ule msumari Kihara alioutumia kutundikia zipu, na ametundika mkoba wake. Nilimsalimu, nikanunua kitu nisichokihitaji, nikarudi.

Nina jambo la kukueleza na tafadhali usicheke hadi mwisho.

Jumamosi ile Akili Pekee hawakupiga. Jumatano moja nilikuwa namenya njegere, simu ikalia. Sauti ya msichana, tamu na ya taratibu, ikauliza, "Ninaongea na Muthoni Kihara?"

"Ni mimi," nikasema.

"Naitwa Shiru. Nataka tu kukujua. Hakuna jibu baya. Uko tayari?"

Mchungaji alikuwa ametuambia kwamba kamati ya faraja itawapigia simu wafiwa wote. Nikajua ndio hao. Nikaweka bakuli chini.

Akauliza nikiamka najisikiaje. Nikasema magoti huuma, ila baada ya chai hukubali. Akauliza kinachonichosha. Nikasema ngazi, na watu wanaoongea haraka. Akauliza ninachopenda. Nikasema nyimbo za kanisa, zile za zamani, na kukaa karibu na dirisha nimejitanda shali, na chai isiyo na sukari. Akacheka kidogo, akasema, "Uko na mzaha, wewe." Akauliza shule naionaje. Nilishangaa, lakini nikadhani faraja ya siku hizi ina maswali mengi. Nikasema shule niliipenda, ila haikukaa nami.

"Na hesabu, ulipenda kufanya na nani?"

"Na Kihara."

"Yuko wapi sasa?"

"Alituacha mwezi wa kumi."

Akauliza, "Ni wakati gani unamkosa zaidi?"

Nikamwambia ni jioni, saa ya kufunga kibanda, alipokuwa akitafuta penseli mfukoni na kwenye droo na chini ya meza, nayo imo sikioni. Tangu mazishi, Mbuthia, hakuna aliyeniuliza hilo. Watu huniuliza kama ninakula.

Jumanne iliyofuata akaja mwalimu wa Akili Pekee, kijana aitwaye Muchiri, mwenye tai na begi. Rachael alikuwa kazini. Mwalimu akamketisha wajina dirishani, akafungua begi, akatoa shali ya sufu, kitabu cha nyimbo za kanisa na chupa ya dawa ya kuchua. Akasema kwa upole, "Muthoni, tumesikia magoti yanakusumbua. Kwangu hutasimama ubaoni hata siku moja."

Mtoto akatazama magoti yake. Kisha akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipoelewa nimeongea na nani siku ile.

Wajina akajitanda shali. "Asante, ticha," akasema. "Huuma sana asubuhi."

Nilitaka kusema ukweli palepale, kinywa kilikuwa wazi. Lakini Muchiri akamwandikia hesabu moja, akachukua kikombe chake, akamngoja. Aliingoja hesabu hiyo kwa muda wa kikombe kizima cha chai, bila kutazama saa wala simu. Sijaona mtu akimngoja mtoto hivyo tangu nifike Nairobi. Wajina alipomaliza, jibu lilikuwa la makosa. Lakini alikuwa amemaliza, na shuleni huwa hamalizi.

Basi nikafunga kinywa. Nikisema, watamwondoa Muchiri, na Naivasha itasogea karibu. Usinihukumu.

Hukunijibu kuhusu waridi.

Dada yako,
Muthoni

* * *

Njabini
21 Aprili 2025

Mwana wa mama,

Pasaka njema iliyopita jana. Nimechelewa kujibu. Barabara ilikatwa na mvua, na nilipoanza kukuandikia mara ya kwanza nilicheka hadi Veronicah akanipigia mgongo akidhani nimekwamwa na mfupa.

Habari za hapa ni nzuri. Ng'ombe wa pembe moja anavimba. Mvua ni nyingi. Tulichinja yule mbuzi mweupe mapema, kabla ya Kwaresima kuisha, bila sababu ya maana. Nyama ilikuwa ngumu lakini nilikula kwa hasira.

Kwa hiyo umerudi shule, hata sare hukununua. Baba angefurahi. Lakini nikuulize, hao wataalamu wa kumjua kila mtoto alivyo, waliwezaje kuongea na mwanamke wa miaka sitini na saba wakaandika kwamba ni msichana wa Gredi ya Tano? Ingekuwa ni ndama wanayempima, wangemletea nira ya dume.

Utani kando. Sema kabla hujasemewa. Unalijua hilo, wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia tulipokuwa watoto.

Na bado hukunijibu. Unakula?

Mbuthia

* * *

Jamhuri
11 Mei 2025

Kwa Mbuthia,

Nimepokea barua yako, nashukuru. Hapa mvua imeharibu bustani ya chini na Ndegwa amepandishwa cheo, sasa anachoka zaidi. Wajina ameota jino la nyuma. Pole kwa mbuzi. Alikuwa mbuzi mwenye adabu, sijui alikosa nini.

Mambo yamenizidi. Akili Pekee walileta ripoti iliyoandikwa, "Muthoni ana busara isiyo ya umri wake. Ana subira, na anaongea juu ya huzuni kwa utulivu unaotufundisha sote." Rachael aliisoma mara mbili akaibandika kwenye jokofu. Mama Quincy alikuja kuomba chumvi, akaisoma akiwa amesimama, akasahau chumvi.

Kesho yake akawapigia simu. "Nataka ile ile ya Muthoni," akasema, nami nilikuwa ngazini nikipumzisha magoti. "Ndiyo, najua ni ya mtu mmoja. Basi mpeni Quincy hiyo ya mtu mmoja."

Wakampa. Wakawapa na wengine. Sasa ukipita uani kwetu saa kumi utaona watoto saba, kila mmoja kwenye dirisha la kwao, wamejitanda shali katika jua, wanakunywa chai isiyo na sukari na kuimba majedwali ya kuzidisha kwa sauti za mazishi. Quincy ananuka dawa ya kuchua hadi getini. Mlinzi aliniuliza kama kuna maradhi. Yule mwalimu wa kupumzika ameachishwa kazi, kwa sababu alimkuta Quincy amelala tayari.

Nacheka ninapokuandikia, lakini sicheki nikimaliza. Mwezi wa nne matokeo ya muhula yalitoka. Wajina bado yuko Chini ya Matarajio, ingawa safari hii alijibu maswali yote. Rachael hakupiga kelele. Alinunua sanduku la chuma, la buluu, lile la wanafunzi wa bweni, na kuliweka kwenye ukumbi karibu na mlango wangu. Asubuhi nalizunguka nikienda kuoga. Wajina hulizunguka pia. Hakuna anayelitaja.

Nilimwuliza siku moja, "Kwa nini hukumwambia Muchiri si wewe?"

Akasema, "Shosho, ungeambiwa umedanganya. Halafu hiyo shali iko na joto."

Kuna jambo jingine. Akili Pekee watafanya mkutano wa wazazi katika hoteli moja mjini, tarehe ishirini na moja Juni. Wajina atasimama mbele kama mtoto wa mfano. Na yule Shiru atakuwepo, aongee naye tena, watu wote wasikie.

Nifanye nini? Nikikiri, masomo yataisha na sanduku litajazwa. Nisipokiri, mtoto atasimama mbele ya watu abebe uongo wangu.

Mimi wako,
Muthoni

Waridi, Mbuthia.

* * *

Njabini
30 Mei 2025

Dada yangu,

Salamu zote. Ndama amezaliwa, dume.

Ulichoniuliza umekwisha kukijibu mwenyewe katika mstari wako wa mwisho. Mtoto ana jina lako, asibebe na mzigo wako. Sema.

Veronicah ananiambia nikuandikie zaidi kuhusu mambo ya kaburini. Nitakuandikia siku nyingine, mvua imezidi.

Mbuthia

* * *

Jamhuri
29 Juni 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa wifi, na kwa huyo dume mpya. Mumpe jina la Baba, alikuwa na shingo kama hiyo. Huku tuko salama. Nakuandikia nikiwa dirishani, na wajina yuko sakafuni anachora.

Nilipopata barua yako nilijipanga kusema. Nilimngoja Rachael jikoni siku tatu. Siku ya kwanza alikuwa na simu sikioni, ya pili aliumwa kichwa, na ya tatu nilianza, "Rachael, ile simu ya Akili Pekee," akaniambia, "Mum, hata mimi nimefurahi sana," akanikumbatia. Katika miaka yote hajawahi kunikumbatia bila kuwa na mgeni. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye ile hoteli bado sijasema.

Wazazi walikuwa wengi na viti vilikuwa vimevishwa magauni. Mkurugenzi wa Akili Pekee, bwana mmoja mwembamba, alisema kwamba hakuna watoto wawili wanaofanana duniani. Nyuma yangu watoto saba walikuwa wamejitanda shali zinazofanana.

Kisha wakamwita wajina. Shiru akapanda na kipaza sauti. Nilimtambua kabla hajataja jina, kwa ule utaratibu wake wa kuongea. Nikasimama. Nilikuwa mstari wa nne na magoti hayakuwa yamekubali. Nilikuwa bado nashika kiti cha mbele yangu Shiru aliposema, "Muthoni, unakumbuka tulivyoongea kwa simu?"

"Hatukuongea," wajina akasema. "Uliongea na shosho. Yule pale anasimama, wa kofia ya sufu. Tuna jina moja."

Ukumbi mzima, Mbuthia, ukaanza kutafuta kofia ya sufu. Rachael aligeuka akanitazama, na sikuweza kumtazama. Nikasema kwa sauti niliyoweza, "Ni kweli. Muthoni Kihara ni mimi. Nilidhani ni watu wa kanisa. Mtoto hana kosa."

Mkurugenzi alifuta paji la uso. Mama Quincy aliuliza, si kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo Quincy wangu amesomeshwa kama mjane?"

Watu wakaanza kucheka, na wengine wakaanza kukasirika. Shiru peke yake hakufanya lolote kati ya hayo. Alipiga magoti mbele ya mtoto akamwuliza, "Na wewe, ungenijibu nini?"

"Vile vile," wajina akasema. "Isipokuwa magoti."

"Hesabu ulipenda kufanya na nani?"

"Na guka. Jumamosi, Ngara. Ananiuliza vifungo ngapi vimebaki, halafu anasema jibu lake, na linakuwa si hilo. Mimi namsahihisha. Alikuwa anakosea sana."

Hilo ni kweli. Kihara alikuwa akikosea hesabu, na sikuwahi kujua kama alikosea kweli au alikuwa akimtania mtoto.

"Na sasa?" Shiru akauliza.

"Sasa hakuna mtu wa kukosea. Shuleni ticha anajua. Mum anajua. Dad anafanya kazi benki. Hata Ticha Muchiri anajua, yeye ananingoja tu. Kila mtu anajua isipokuwa mimi."

Sikusikia yaliyofuata kwa sababu nilikuwa namtazama Ndegwa. Mwanangu hakulia kaburini. Alisimamia magari, alisimamia chakula, alishukuru wageni. Sasa aliinuka, akapita katikati ya viti vyenye magauni, akatoka nje. Alipofika mlangoni alikuwa ameweka mkono juu ya sikio, pale Kihara alipokuwa akiweka penseli, kama mtu anayetafuta kitu.

Mkurugenzi ni mtu wa kazi, nampa heshima yake. Kabla chai haijaletwa alikuwa ametangaza mpango mpya uitwao Mtoto na Nyanya. Mama Quincy alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Mama mkwe wake atatolewa Murang'a wiki ijayo. Hajaulizwa.

Tulipofika nyumbani, Rachael alikaa juu ya lile sanduku na viatu vyake mkononi, akaniuliza, "Mum, mbona hukuniambia jioni kwako ni ngumu?"

Nikamwambia, "Nilidhani kwako pia ni ngumu, na una kazi."

Akasema ni kweli. Nikampokea vile viatu.

Ndegwa hakuhutubia mtu. Alikuja, akamwomba mkewe asimame, akalibeba sanduku hadi chumbani kwangu. Akafungua, akatia ndani mito minne, akafunga. "Naona huwa unaihamisha," akasema. Kisha akamwita, "Mama!" Tukaitika wawili. Akasema, "Mdogo. Leta kitabu cha Hisabati."

Ndugu yangu, nimesema yangu yote. Sasa ni zamu yako. Waridi liko wapi?

Dada yako,
Muthoni

* * *

Njabini
20 Julai 2025

Mwana wa mama,

Nakusalimu kwa aibu. Veronicah amesimama nyuma yangu ahakikishe naandika.

Waridi lililiwa na mbuzi mweupe. Lilikuwa limeshika vizuri, na maua mawili. Nilifungua geti siku moja ya mwezi wa pili nikamkuta ndani, amemaliza, anatafuna na kunitazama. Ndiyo sababu alichinjwa. Sikuweza kukuandikia "limekufa" wakati bado unahamisha mito. Nilipanda lingine, likaungua na baridi. La tatu nilimwomba mke wa Mchungaji tawi la lile la kanisani, nikalizungushia miiba na chandarua. Sasa lina chipukizi. Si jekundu kama lako, ni jeupe. Kihara asingeona tofauti. Uliwahi kumtuma uzi mwekundu akaleta wa rangi ya machungwa.

Nimeisoma barua yako kwa sauti, kwa vile mwenyewe sisikii nikisoma kimoyomoyo. Veronicah alilia kwa mbuzi na kwa mtoto, kwa pamoja.

Sasa zamu yako, na ni mara ya tatu. Unakula?

Mbuthia

* * *

Jamhuri
10 Agosti 2025

Mbuthia ndugu yangu,

Nawasalimu nyote na chipukizi pia. Jeupe ni sawa. Usimlaumu mbuzi tena, yeye naye alikuwa akihudumiwa kipekee.

Shule zimefungwa na matokeo yametoka. Wajina amepanda. Hayuko Chini ya Matarajio tena. Imeandikwa Anakaribia Matarajio. Rachael amesema kukaribia ni karibu, na hataki kusikia habari za Naivasha. Mama Quincy amesikitika kwa niaba yetu. Mama mkwe wake amekuja, amepewa mwalimu, na nasikia anamshinda Quincy kwa Kiingereza. Muchiri aliacha kazi Akili Pekee, sasa anafundisha katika shule moja hapa Jamhuri, watoto arobaini na watano. Alipita kutusalimu, akanywa chai yote.

Jioni Ndegwa na binti yake hukaa mezani na kitabu. Wiki jana walikuwa kwenye sehemu za namba, na nikamsikia mtoto akisema, "Dad, hapana. Hiyo ungefanya benki, wangekufuta." Nikachungulia. Jibu la Ndegwa lilikuwa la makosa kabisa. Nilimtazama usoni nijue kama ni kweli au ni utani, na sikujua, kama vile sikuwahi kujua kwa baba yake.

Umeniuliza kama ninakula. Kwa muda sikuwa nikila, nilikuwa nikimega na kurudisha. Sasa nakula. Jana niliongeza. Jioni bado ni jioni, lakini saa ya kufunga kibanda sasa kuna watu wawili mezani wanagombana, na mimi huwa nimekaa dirishani na shali. Tunaigawana na wajina, siku moja yeye, siku moja mimi. Nadhani mimi pia, Mbuthia, ninakaribia matarajio.

Nitakuja Desemba niione hiyo miiba yako. Hadi siku hiyo, ukipita kaburini kumwagilia, mwambie Kihara penseli iko sikioni. Na ukisimama kusali, unikumbuke, mimi na wajina wangu. Taja jina mara moja tu, litatutosha wote wawili.

Dada yako,
Muthoni Kihara